Filamu Iliyomchekesha Mke Wangu Mara Thelathini na Nne

Kwako Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Ukaguzi wa Filamu.

YAH: OMBI LA KUWAZUIA WATU WA MAKAMO WENYE NDOA KUTAZAMA FILAMU INAYOONYESHWA SASA

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi, na miwani yako ni safi. Kama si safi, tafadhali usiifute kwa ncha ya shati. Nakueleza hilo kama mtaalamu. Mimi ni fundi miwani, duka langu liko kati ya duka la dawa na kibanda cha mchonga funguo, na kwa miaka ishirini na sita nimewasaidia watu wa mtaa huu kuona kilicho mbele yao. Nimeoa, nina watoto wawili, wote wako masomoni mbali na nyumbani. Miezi miwili ijayo ninatimiza miaka hamsini, jambo ninalolitaja kwa kuwa ofisi zenu hupenda kuuliza umri, wala halina uhusiano wowote na malalamiko yangu.

Filamu ninayoilalamikia unaijua. Jina lake sitaliandika, maana kulitaja ni kuitangaza, na mabango yameshaitangaza vya kutosha: mwanamume mwenye tumbo, amebana pumzi mbele ya kioo, na chini yake maandishi kwamba ni kichekesho cha ndoa. Ofisi yako iliitazama, ikaipiga muhuri, ikaandika kwamba inawafaa watu wote. Watu wote, Mheshimiwa! Ama siku ile mliikagua mkiwa mmesinzia, ama kamati yako nzima ni makapera.

Nieleze yaliyonipata, kisha utaniambia kama muhuri ule ulikuwa wa haki.

Mke wangu ni mwalimu wa udereva. Gari lake lina kibao juu ya paa na breki mbili, ya mwanafunzi na ya kwake, na katika ndoa yetu ya miaka ishirini na tatu nimezoea kuona mguu wake ukikanyaga zulia la sebuleni kila ninapoanza kueleza mpango mpya. Sisemi kwa ubaya. Jumamosi moja mwezi uliopita alirudi kazini mchana akaniambia, "Baba watoto, vaa shati zuri, tunakwenda sinema." Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Hakuna kitu. Ni siku tuliyooana, basi."

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimeihifadhi siku hiyo mahali salama kichwani, na mahali salama ndipo vitu hupotelea.

Saa kumi alasiri tulikuwa tumeshakaa. Taa zikazimwa. Bwana wa kwenye bango akatokea bafuni kwake, akabana tumbo, akageuka ubavu, akajitabasamia kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Mara mlango ukafunguliwa, pumzi ikamtoka, na mkanda wa suruali ukakatika paa! Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Watu wazima, wenye kazi na heshima zao, wakamwaga bisi mapajani. Mimi nilikaa kama mtu aliyeingia harusi isiyo yake. Ndipo nikasikia sauti upande wangu wa kulia.

Mke wangu ana vicheko vitatu. Cha kwanza ni cha majirani, kifupi, cha kufungia mazungumzo. Cha pili ni cha mwanafunzi aliyezimisha gari katikati ya njia panda, cha kumtoa hofu. Cha tatu nilikuwa nimekisikia mara ya mwisho tulipokuwa tunaishi chumba kimoja, kitanda kikavunjika mguu mbele ya mama yake mzazi. Huanzia mbali, hupotea kabisa hadi ukadhani amekata roho, kisha hurudi na machozi. Hicho ndicho kilichotoka, Mheshimiwa, katika dakika ya tatu ya filamu. Nikatoa penseli ninayotumia kuwekea alama fremu, nikaanza kuhesabu nyuma ya tikiti. Nafasi iliponiishia nilihamia kwenye kiganja. Jumla: mara thelathini na nne.

Sasa nayapanga malalamiko yangu.

Lalamiko la kwanza ni uongo. Filamu hii inadai kwamba kuna mwanamume wa karibu miaka hamsini anayepaka nywele rangi na kusema ni mafuta ya nazi. Hakuna mtu wa namna hiyo. Inadai kwamba ananunua raba za kukimbilia, anatoka nyumbani mbio, anakata kona, anakaa kwenye benchi hadi nusu saa iishe, kisha anajimwagia maji kifuani ili aonekane ametoka jasho. Upuuzi mtupu. Mimi pia nina raba, nilizinunua kwa ushauri wa daktari, na ninajua vizuri kwamba maji yale humwagwa kwa ajili ya kupoza misuli. Inadai pia kwamba mtu huyo anasoma gazeti akiwa amelinyoosha mbali, kisha analaumu taa. Mimi sijawahi kulaumu taa. Ninawalaumu wachapishaji, ambao kwa ubahili wao wamekuwa wakipunguza herufi mwaka hadi mwaka. Ningekuwa nahitaji miwani ya kusomea ningekuwa wa kwanza kujua. Ninayo mia mbili dukani.

Lalamiko la pili ni wizi. Maisha yangu yamechukuliwa na kutiwa ndani ya filamu bila ruhusa.

Utaniuliza, kitu kikiwa cha uongo, kimeibwaje? Swali hilo lina dharau ndani yake, lakini nitalijibu. Mtu akikuibia shati, akalitia viraka vya ajabuajabu, akalivaa barabarani watu wacheke, shati hilo litakuwa la nani? Basi.

Sikukurupuka. Nilifanya uchunguzi. Anayejua habari za nywele zangu ni mmoja tu, kinyozi wangu, kwa hiyo Jumatatu nilikwenda kwake kabla hajafungua, nikamkuta anafagia.

"Nimekuja kwa jambo zito," nikamwambia. "Umewauzia watu wa sinema siri zangu?"

Akaegemea ufagio, akahema. "Hata na wewe mzee?"

Neno hilo, Mheshimiwa, nililiruka kwa muda, maana nilikuwa kazini.

"Jibu swali," nikasema.

"Mzee wangu, wewe ni wa kumi na mbili. Wa kwanza alikuja wiki mbili zilizopita, jioni, nimevaa kandambili, nakunywa chai kwangu. Kila mmoja anasema ni yeye, kila mmoja anataka kunishtaki. Jana mmoja kalia hapo kwenye kiti. Sasa mimi siri za watu kumi na mbili ningeziuza vipi na zote ni siri moja?"

Mtu mwenye akili ndogo angesikia maneno hayo akarudi nyumbani. Mimi nilitambua papo hapo kwamba waathirika wa wizi huu ni wengi kuliko nilivyodhani, na kwamba kesi yetu ni kubwa.

Lalamiko la tatu ni jina. Yule bwana wa kwenye filamu, kwa sababu ya ule mkanda uliokatika, jirani zake wanamwita Bwana Mkanda. Siku mbili baada ya kutazama, nilikuwa nimeinama nikitafuta kiatu chini ya kochi, mke wangu akapita nyuma yangu akasema polepole, "Taratibu, Bwana Mkanda." Kufika Alhamisi, dada yake, yaani shemeji yangu, alikuwa ananiita hivyo kwenye simu. Shemeji huyu hajawahi kukosa njia ya kunidharau, ila kwa miaka mingi alilazimika kuzitunga mwenyewe. Sasa anatungiwa na wataalamu. Kufika Jumamosi, binti yetu mkubwa, anayesomea uuguzi, akanitumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo Bwana Mkanda, mgongo unaendeleaje?" Shikamoo yenyewe ilijaa adabu. Nadhani ndiyo iliyoniuma zaidi.

Lalamiko la nne ni meza. Kuna sehemu, na ninaamini wajumbe wako walicheka hapo, ambapo Bwana Mkanda anakula chakula cha jioni. Anaeleza mgongo wake. Anaeleza mkubwa wake wa kazi. Anaeleza sauti fulani inayotoka kwenye injini ya gari. Anaeleza tangu sahani ya kwanza hadi ya pili, anapangusa mdomo, anasema, "Haya, leo tumezungumza vizuri." Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Sikuona cha kuchekesha. Mtu alikuwa anazungumza na familia yake, jambo ambalo viongozi wa dini na redio hutuhimiza kila siku.

Lakini madhara yake yakaingia kwangu. Jumanne tulikuwa mezani, mimi nikieleza habari ya mteja mmoja, mwalimu mstaafu, aliyerudisha miwani mara tatu kwa madai kwamba inamfanya amwone mkewe vibaya. Ni kisa kizuri, kirefu, na nilikuwa bado sijafika katikati. Mke wangu akaweka kijiko chini. "Haya," akasema, "leo tumezungumza vizuri." Akachukua sahani yake akaenda jikoni. Nikasikia bomba linafunguliwa. Niliendelea kukaa pale, kisa kiko mdomoni, na kwa mara ya kwanza katika nyumba yangu sikujua nikipeleke wapi.

Lalamiko la tano, na hili ndilo lililonishikisha kalamu.

Mke wangu alirudi kuitazama filamu hiyo mara ya pili na shemeji. Nilivumilia. Akaitazama mara ya tatu, peke yake, siku ya kazi, baada ya kumpeleka mwanafunzi kwenye mtihani. Siku hiyo aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Mimi macho ndiyo kazi yangu. Nikamwambia aketi nimwangalie.

"Ni vumbi," akasema.

"Si vumbi. Umelia. Sasa nani analia kwenye kichekesho?"

"Hata kichekesho kina sehemu zake."

"Sehemu gani? Mimi nimeiona yote."

Akasema, "Ndiyo. Uliiona yote." Kesho yake asubuhi alitia nguo chache kwenye begi, akaniambia anakwenda kwa dada yake apumzishe kichwa, akaondoka na gari lake lenye kibao. Hakugombana. Ningekuwa na la kujibu kama angegombana.

Leo ni siku ya nne. Nimegundua kwamba nyumba yangu ina saa ya ukutani inayopiga kelele, ambayo nadhani haikuwapo zamani. Nimegundua kwamba chumvi ina makazi yake ya siri. Nimepiga simu kwa shemeji mara mbili. Mara zote mbili ameniambia, "Yupo, anapumzika, Bwana Mkanda," kwa sauti ya askari wa geti.

Jana nilifunga duka saa nane mchana, nikaenda kuitazama tena ili nikusanye ushahidi kamili. Tulikuwa wanaume kumi na mmoja ukumbini. Kila mmoja peke yake, kila mmoja ameacha viti vinne au vitano kati yake na mwenzake, wengine wamevaa kofia humo gizani. Yule mwalimu mstaafu alikuwapo. Tulitazamana, tukakubaliana bila neno kwamba hatujaonana. Kwa robo saa hakuna aliyecheka. Bwana Mkanda alipomwaga maji kifuani, mmoja wa nyuma alitoa sauti kama ya mlango mbovu. Mwingine akadakia. Mwishowe watu wazima kumi walikuwa wanacheka huku wameficha nyuso kama watoto waliovunja chungu. Wa kumi na moja nilikuwa mimi, na nilikohoa. Lile vumbi la ukumbini ni la kuripotiwa kwa bwana afya.

Kwa hayo yote, Mheshimiwa, ninaomba kamati yako itekeleze haya, kwa mpangilio huu:

Kwanza, muhuri ubadilishwe. Mmezoea kuwazuia watoto, ambao filamu hii haiwezi kuwadhuru chochote. Asiruhusiwe kuingia mtu yeyote aliyezidi miaka arobaini na mitano, ila akisindikizwa na mtoto wake aliye tayari kumfumba macho.

Pili, wanandoa wakilazimika kuingia, wakalishwe vyumba tofauti, na mlinzi asimame katikati kuhakikisha hawaulizani baadaye, "Umeiona ile?"

Tatu, zikatwe sehemu za kioo, nywele, raba, gazeti na meza. Nimepiga hesabu, yatabaki majina ya waigizaji na mvua fulani inayonyesha juu ya paa. Mvua ile ni nzuri. Iachwe.

Nne, mwigizaji mkuu aamriwe kupunguza tumbo hadharani, ili taifa lijue lilikuwa la kuigiza.

Tano, nipewe cheti chenye sahihi yako na picha yangu kwamba mimi siye. Nitakitundika dukani kando ya ubao wa herufi.

Sita, kamati imwandikie mke wangu. Simaanishi barua kali. Mweleze tu, kwa karatasi yenye nembo ya ofisi, kwamba imebainika kuwa filamu ilikuwa na makosa, na kwamba hakuna kizuizi chochote cha kisheria kinachomzuia kurudi nyumbani. Mimi nimejaribu kuiandika hiyo mara tatu, lakini mimi sina nembo.

Ukiona nimetumia maneno makali, ujue nimeyapunguza. Mtengenezaji wa filamu hii nasikia ni kijana wa miaka thelathini na mbili, hajaoa. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, lakini huyu hata kundu lenyewe bado hajaota, anatuchora ya kwetu. Namsubiri. Miaka kumi na minane si mingi.

Wasalimie wajumbe wote wa kamati, na karani anayetunza muhuri, ambaye naamini alifuata amri tu. Msalimie na mkeo kama unaye, na kama ulikwenda naye kuitazama, pokea pole zangu. Kinyozi wangu pia anakusalimu, na anaomba mtangaze kwamba hahusiki.

Wako, mtu mzima, mwenye akili timamu na nywele zake mwenyewe,

Fundi Miwani,
kati ya duka la dawa na mchonga funguo.

NYONGEZA: Nilikuwa natafuta bahasha kwenye droo ya jikoni mlango ulipofunguka. Mke wangu alikuwa amekuja kuchukua viatu vyake vya kazi. Akaiona barua mezani, akaisoma yote akiwa amesimama, mkoba begani. Alipomaliza akavuta kiti.

"Kwa hiyo muda wote huu unadhani nilikuwa nakucheka wewe?"

Nikamwambia ushahidi umo humo humo, umehesabiwa.

"Wewe nimekuzoea," akasema. "Nilikuwa namcheka yule mke."

Hapo nikamuuliza swali ambalo ningekuwa na uwezo ningelikata kwa mkasi wenu. Nilimuuliza, "Mke yupi?"

Hakukasirika. Alinieleza polepole, kama anavyomweleza mwanafunzi siku ya kwanza. Kumbe kwenye filamu ile mna mwanamke, tangu mwanzo hadi mwisho. Ndiye anayefungua mlango wa bafu. Ndiye aliyekaa upande wa pili wa meza. Kila jioni anarudi kazini, anaegesha gari uani, anazima injini, na anabaki humo ndani dakika kumi kabla ya kuingia nyumbani. Hasikilizi redio, hapigi simu. Anakaa tu. Mke wangu alicheka sana hapo, kwa sababu miaka yote hiyo alidhani ni yeye peke yake duniani. Ile siku aliyokwenda bila mtu wa kucheka naye, ndipo alipolia.

Nimeitazama filamu hiyo mara mbili, nimeiandikia kurasa nne, na mwanamke huyo sikumwona. Dirisha la sebule yetu linatazama uani.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, yote niliyoyaandika hapo juu yafute. Msikate kitu. Nasikia inaondolewa Jumapili. Kama mna uwezo, iongezewe wiki moja, kwani bado sijaiona. Samahani kwa kutoiandika barua upya, sina nafasi. Mke wangu ameshachukua viatu, ameaga, ametoka, lakini gari halijaondoka. Injini imezimwa naye yumo ndani. Sijui anawaza nini. Zimepita dakika nne, nami naweka kalamu chini, nakwenda kumgongea kioo.